Meno ya mtoto wa nyumba mbili

Daktari wa meno akimwambia mzazi wa Newala kwamba meno ya mwanawe yamepandana na yanahitaji kupangwa, kauli yenyewe haimalizi dakika. Kazi yake ndiyo inayokula miaka. Vyuma hukaa mdomoni mwaka mmoja na nusu, miwili, wakati mwingine zaidi. Kila baada ya wiki nne hadi nane mtoto hurudi kwa daktari ili waya ukazwe au ubadilishwe. Vikitolewa, huvaa kifaa kingine cha kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka, na hicho nacho si cha wiki mbili. Mara nyingine hung'olewa kwanza meno mazima, mawili au manne, ili yaliyobaki yapate nafasi. Na madaktari bingwa wa kazi hiyo nchini ni wachache, wengi wao wakiwa Dar es Salaam, Muhimbili na kwenye kliniki binafsi, zaidi ya kilomita 500 kutoka uwanda wa Makonde iliko Newala.

Hayo ni magumu hata kwa baba na mama wanaolala nyumba moja. Sasa watenganishe. Mama abaki Newala, baba awe amehamia Masasi na kuoa tena. Binti yao wa miaka 12 akae kwa mama wakati wa shule na kwa baba wakati wa likizo. Baba ameuza korosho vizuri, ameona vyuma midomoni mwa watoto wa mjini, anataka binti yake naye apangwe meno. Mama anakataa. Nani atampeleka Dar es Salaam kila mwezi? Nani atasimama karibu naye usiku kuhakikisha amepiga mswaki? Na kwani huyo mtoto ana ubaya gani? Au igeuze: mama ndiye anayetaka, baba anasema huo ni urembo wa watu wenye nafasi na hatoi senti. Wazazi hawa ni wa kubuni, ili mjadala uwe na sura. Ugomvi wao lakini, uwe wa meno, wa shule ya bweni au wa msimu gani mtoto aende jandoni, unajulikana na yeyote aliyeachana na mwenzake wakiwa wamezaa.

Kinachoukuza ugomvi huo ni kwamba mwenye kauli, mwenye kulipa na mwenye kufanya kazi ya kila siku mara nyingi si mtu mmoja. Mwenye mdomo ndiye wa mwisho kuulizwa, kama ataulizwa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inajua kumkabidhi mtoto, haijui sana kumgawana. Kifungu cha 125 kinaipa mahakama uwezo wa kumweka mtoto kwa baba au kwa mama, na pakiwa na sababu za pekee, kwa ndugu mwingine. Mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa afadhali akae na mama, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Kifungu kinachofuata, cha 126, hakisemwi sana barazani ingawa ndicho chenye uzito hapa: aliyekabidhiwa mtoto ndiye anayeamua mambo yote ya malezi na elimu yake, isipokuwa pale mahakama ilipoweka masharti. Kisha kinakuja cha 129 na kumtwika baba jukumu la kumpa mtoto makazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake. Matibabu hayamo kwenye orodha hiyo. Yalitajwa waziwazi mwaka 2009, Sheria ya Mtoto ilipokataza kumnyima mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, na hata nafasi ya kucheza. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyofuta ile ya zamani iliyomwekea mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi, fedha ambayo leo hainunui hata andazi la maana.

Viweke vifungu hivyo pamoja na mambo yanajitokeza yenyewe: mmoja aamue, mwingine alipe. Kwa malaria hakuna neno, kwani hakuna baba mwenye akili anayebishia dawa ya mseto. Vyuma ni jambo jingine. Mama aliyekabidhiwa mtoto anaweza kumpeleka kliniki bila kumwambia mzazi mwenzake, halafu akamtumia risiti kwenye simu. Baba naye anaweza kuitikia mwanzoni, akalipa awamu ya kwanza, kisha akanyamaza meno yakiwa yamesogezwa nusu. Hapo mtoto anabaki na waya usiokazwa, mabaki ya ugali yakijificha nyuma ya chuma, na mabaka meupe ya kuoza yakianza kwenye jino lililokuwa zima. Matibabu yaliyoachwa katikati yanaweza kuwa mabaya kuliko yasiyoanzwa.

Halafu kuna swali ambalo sheria imeliacha bila jibu: vyuma ni matibabu au ni pambo? Jibu la haki ni kwamba inategemea mdomo. Kuna mtoto ambaye meno yake ya mbele hayakutani kabisa, hawezi kukata kipande cha muhogo. Kuna ambaye jino limenasa ndani ya fizi na linasukuma mizizi ya jirani zake. Kuna ambaye meno ya juu yamechomoza mbele kiasi kwamba akianguka kwenye baiskeli ndiyo yanayotangulia chini, na madaktari wanajua kwamba meno ya namna hiyo huvunjika kwa urahisi zaidi. Na kuna mtoto mwenye mwanya.

Mwanya! Vitabu vya tiba vya Ulaya vinauhesabu miongoni mwa kasoro za mpangilio. Pwani yote hii, na bara pia, watu wameusifu tangu lini, na wapo waliooa kwa ajili yake. Mwaka 2009 Matilda Mtaya na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 1,601 wa shule za msingi wa Kinondoni na Temeke, wenye umri wa miaka 12 hadi 14. Asilimia 63.8 walikutwa na angalau kasoro moja ya mpangilio, na karibu asilimia 22 walikuwa na nafasi kati ya meno ya milimita mbili au zaidi. Lakini katika utafiti wao wa mwaka uliotangulia juu ya watoto hao hao, walioridhika ni wengi: wasioridhika na mwonekano au kazi ya meno yao hawakufika robo. Kipimo cha daktari kiliona kasoro katika midomo miwili kati ya mitatu. Watoto wenyewe waliona vingine. Mzazi anayetoka kliniki na fomu mkononi akisema "daktari amesema" anapaswa kuulizwa daktari alisema nini hasa: kwamba mtoto anaumia, au kwamba hafanani na picha ya kitabuni?

Kwa wenyeji wa Newala na Masasi swali la nani mwenye mtoto lina mizizi iliyotangulia sheria za serikali. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa mama. J. Gus Liebenow, Mmarekani aliyefanya utafiti Newala miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu kuhusu Wamakonde na utawala wa kikoloni mwaka 1971, aliukuta utaratibu huo ukiwa hai. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume mwenye sauti juu yake ni mjomba, kaka wa mama. Baba aliheshimiwa, alilima, alilea, lakini mambo makubwa ya mtoto hayakuamuliwa bila mjomba kukaa kwenye mkeka.

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama itazame, pamoja na ustawi wa mtoto ulio mbele ya yote, matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kuyasema, na desturi za jamii yao. Hapo pana kichekesho kidogo. Amri ya kutangaza sheria za mila ya mwaka 1963, ambayo mahakimu wamefundishwa kuitumia, iliandikwa kwa kufuata jamii za ukoo wa baba. Hakimu anayehamishiwa Newala kutoka Musoma au Bukoba hatayakuta humo mamlaka ya mjomba. Itabidi aambiwe na wazee, ikiwa atawauliza. Na wazazi wengi wa uwanda huo ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambako mama hukaa na mtoto hadi afikie kupambanua, yapata miaka saba, kisha mtoto akachagua aende kwa nani, matunzo yakibaki juu ya baba. Masasi nako kuna Waanglikana tangu misheni ya 1876, na Ndanda kuna Wakatoliki tangu Wabenedikti walipofika 1906. Familia moja inaweza kuwa na sheria tatu mezani, na kila mzazi akachukua ile inayompendeza siku hiyo.

Je, mjomba arudishwe kuwa mwamuzi? Hapana, si kwa ukamilifu wake. Yeye ni wa upande mmoja tangu kuzaliwa, na baba wa leo mwenye mikorosho yake na anayelipa ada hatakubali kaka wa mwanamke aliyeachana naye amwamulie. Lakini kuna kitu katika utaratibu ule ambacho mahakama haina: mtu wa tatu anayemjua mtoto kwa jina, anayeijua njia ya kwenda shuleni kwake, na ambaye hakuwa mume wala mke katika ndoa iliyovunjika. Kama mpatanishi, akikaa na shangazi wa upande wa baba, huyo ana thamani. Anaweza kusikia hasira ya ndoa inaposemwa kwa jina la meno, jambo ambalo karani wa mahakama hawezi kulisikia.

Wazee nao wasipewe sifa zisizo zao. Mjerumani Karl Weule alikaa Newala kwa wiki kadhaa mwaka 1906 na kuandika juu ya ndonya za midomoni na chale za usoni. Wamakonde walichonga pia meno ya mbele, na vinyago vya zamani bado vinaonyesha nyuso zilizopambwa hivyo. Lilikuwa jambo la heshima na la kuonyesha mtu ni wa wapi, na aliyefanyiwa hakupewa fomu ya kuridhia. Desturi hiyo imekwisha. Iliyokuja baadaye katika sehemu nyingi za Tanzania ilikuwa mbaya zaidi na haikuwa hata ya mila: hofu ya "meno ya nailoni" au "meno ya plastiki" iliyosambaa miaka ya 1980. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, ndugu walifunua fizi, wakaona weupe wa jino la chonge linalotaka kutoka, wakaliita jino bandia lenye sumu, na kumpeleka kwa mtu wa kulichimba. Homa ilikuwa na sababu zake nyingine kabisa. Watoto walipoteza meno ambayo hayakuwa na kosa, na wengine waliota ya kudumu yakiwa yameharibika, kiasi kwamba sasa ni wao wanaohitaji daktari wa kupanga meno. Waliowapeleka walikuwa wazazi, mabibi na wajomba waliowapenda, tena mara nyingi wakiwa wamekubaliana wote. Basi maafikiano ya watu wazima, peke yake, hayajawahi kuwa ulinzi wa kutosha kwa mdomo wa mtoto.

Ndiyo sababu kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinastahili kutolewa kabatini. Kinasema mtoto anayeweza kuwa na maoni asinyimwe haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Kifungu cha 39 kinarudia jambo hilo kwa mahakama inapoamua mtoto akae na nani: maoni yake yazingatiwe kama ameyatoa kwa uhuru. Kwa upasuaji wa dharura, sauti ya mtoto wa miaka 12 ina mipaka yake. Kwa vyuma, yeye ndiye mtendaji mkuu. Hakuna baba wala mama anayeweza kukaa mdomoni mwake. Asipopiga mswaki kila baada ya kula, akitafuna muwa na kuvunja kishikizo, akikiacha kifaa cha usiku ndani ya begi, fedha yote imepotea. Mtoto aliyelazimishwa atashinda kimya kimya, kwa kutofanya. Kwa hiyo "sitaki" yake kwa vyuma vya urembo iheshimiwe kabisa, na "nataka" yake ipimwe: anavitaka kwa sababu anachekwa darasani, au kwa sababu mzazi mmoja amemwahidi akimchagua yeye?

Suala la fedha nalo lina kalenda yake. Mahakama hupenda kuamuru matunzo ya kila mwezi, kana kwamba kila baba ana mshahara wa tarehe 25. Mkulima wa Makote au Lupaso hapati fedha kila mwezi. Anapata korosho inapouzwa kwenye minada ya stakabadhi ghalani, kuanzia Oktoba, kupitia vyama vikuu vya TANECU kwa Tandahimba na Newala na MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za mnada, Serikali ikainunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi kuisomba. Waliokuwa wakisubiri kuhakikiwa ndipo walipwe walisubiri sana. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa TANECU ulivuka shilingi 4,000. Baba mmoja, shamba lilelile, na kati ya msimu na msimu anaweza kuwa mtu wa kulipia vyuma au mtu wa kukopa sabuni. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto kinaielekeza mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Hakimu anayeelewa korosho anaweza kukitumia kifungu hicho kuamuru malipo ya mkupuo baada ya mnada. Matibabu ya miaka miwili yanayokatiza misimu miwili au mitatu yanahitaji akili hiyo kuliko karo ya shule.

Gharama nyingine haionekani kwenye risiti. Safari ya Dar es Salaam ni siku nzima barabarani, pa kulala, chakula cha watu wawili, masomo yaliyopotea na kibarua kilichokosekana. Mara nyingi hiyo hubebwa na mzazi anayekaa na mtoto, ambaye mara nyingi ni mama. Baba anayesema "mimi nimelipa" amelipa sehemu moja. Haki inadai kwamba anayefanya kazi hiyo awe na kura nzito, na kwamba asiyekaa na mtoto akitaka vyuma achukue na safari zake, apange likizo zake zilingane na tarehe za daktari, aingie basi na binti yake mwenyewe.

Nchi nyingine zimejaribu njia zao. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inasema wazazi wana wajibu ulio sawa kwa mtoto wawe wameoana au la. Uingereza, Sheria ya Watoto ya 1989 inamruhusu mzazi kwenda mahakamani kwa jambo moja tu linalobishaniwa, bila kufungua upya suala la mtoto akae na nani. Marekani, hati za kuachana mara nyingi hutaja gharama za meno na vyuma kwa jina, zikigawa nani alipe sehemu gani. Kati ya hizo, ya Uingereza ndiyo ingefaa kuazimwa kwanza, kwani mzazi wa Newala akilalamikia meno leo hushawishika kuomba apewe mtoto mzima.

Bunge si lazima lingojewe. Kifungu cha 126 cha Sheria ya Ndoa tayari kinaruhusu mahakama kuweka masharti, na maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri za Masasi na Newala wanaweza kuwakalisha wazazi kabla ya kesi na kuyaandika makubaliano yao. Yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida. Matibabu yanayohitajika kwa afya yaendelee kwa uamuzi wa anayekaa na mtoto, mwenzake akijulishwa siku hiyohiyo. Yale marefu na yasiyo ya lazima yahitaji ridhaa ya wote wawili na ya mtoto, na wakitofautiana daktari wa pili aone mdomo huo, asiyetumwa na upande wowote. Karatasi ya daktari itunzwe nyumba zote mbili, mswaki uwe nyumba zote mbili, na mama wa kambo aelezwe nini hakiliwi.

Na itajwe mapema nani atalipa kuvitoa vyuma. Ni safari moja ya mwisho, haina urembo wowote, na ndiyo ambayo kila mzazi huwa na sababu ya kudhani ni zamu ya mwenzake. Ikiwa bei ya korosho itaanguka mwaka wa pili, fedha ya safari hiyo iwe imeshawekwa kando tangu mnada wa kwanza, kwa jina la mtoto.